Kilomita Elfu za Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mita inasoma 188. Asubuhi nimeiacha injini ingurume dakika kumi kabla ya kuondoka. Ikonge, kisha Magwagwa, kisha nyumbani. Sikuzidi thelathini popote. Boda mbili zimenipita, na trekta moja. Trekta!

Zimebaki kilomita 812. Nikifikisha elfu moja nitamwaga oili ya kiwandani, nitie mpya, na hapo gari litakuwa gari. Kabla ya hapo ni mtoto mchanga. Nimeendesha lori la majani ya chai miaka ishirini na tisa, hakuna atakayenifundisha injini mpya ni nini.

Niwe mkweli humu ndani, maana hakuna anayesoma. Sikimbizani na mita kwa raha zangu. Kerubo, mke wa mwanangu Onchiri, ana siku ya kujifungua kwa kupasuliwa Kisii, tarehe 28. Mwaka juzi uchungu ulimshika tukampakia kwenye boda, mvua inanyesha. Alifika amechelewa. Walimpasua wakatoa mtoto aliyekwisha kufa. Onchiri alikuwa Uarabuni anaendesha kreni. Hakulia kwenye simu. Alisema tu atanunua gari, tena jipya, lisilopitia mikono ya mtu, ili lisije likazima njiani.

Alikuja likizo mwaka jana, akarudi kazini, na sasa amelinunua. Funguo ziko kwangu. Siku hiyo halitazima. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Jumatano, 5 Machi

Kisii kwenda na kurudi. Nilimpeleka Kerubo kliniki pamoja na mke wangu. Wao nyuma, mimi mbele peke yangu kama dereva wa kukodi. Kioo cha kutazamia nyuma nimekielekeza juu kwenye dari. Mkamwana si mtu wa kutazamwa usoni na baba mkwe kwenye kioo, mwendo wa saa moja na nusu. Chinsoni, haya tunayooneana wakwe, ni chinsoni hata ndani ya gari jipya. Siingii nyumbani kwake. Simpi mkono. Habari za tumbo lake nazipata kwa mke wangu, na hata yeye huzisema akitazama pembeni.

Wakati wanangoja daktari nikapitia kwa Salim, mwenye duka la vipuri karibu na soko. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa akitutengenezea malori. Nikamuuliza kuhusu kuzoesha injini. Alicheka. Akasema injini za siku hizi hutoka zimeshapimwa, niendeshe kama mtu mzima. Kijana aliyetuuzia gari alisema hivyo hivyo. Onchiri naye hivyo hivyo.

Wote watatu wamezaliwa juzi. Mimi niliwahi kupewa lori lililotiwa injini mpya, nikalikimbiza likiwa na shehena siku ya tatu tu. Likakwama katikati ya mlima, pistoni zimeshikana. Majani yakaharibika yote. Msimamizi akaninyang'anya lori msimu mzima, nikasukuma toroli kiwandani mbele ya vijana niliowafundisha kazi. Sijasahau harufu ile ya chuma kilichoungua.

Mita 279.

Ijumaa, 7 Machi

402. Mvua imeanza mapema. Barabara ya kwenda Magwagwa ni utelezi mtupu pembeni.

Vijana wa boda pale Ikonge wameshanipa jina. Wanaita gari langu Maziko. Nikipita wanavua kofia. Leo mmoja amepaza sauti, "Mzee, guza moto! Ama maiti itaamka?" Wenzake wakaanguka kicheko. Nilikasirika mpaka nyumbani.

Mke wangu naye hana huruma. Anasema injini inazoea, ila yeye hajazoea kukaa na mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda mahali ambapo hana kazi. Nimemwambia nina kazi. Amesema kazi ya kuchuma majani inaningoja, na kama nadhani chai itajichuma yenyewe niendelee kuzunguka.

Ana haki. Lakini siku ni chache na kilomita ni nyingi. Nahofu. Nimeandika. Nahofu sana.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Gari limekwenda kanisani na kurudi. Limeombewa. Akina mama wa kwaya walitaka wote sita waingie nizunguke nao uwanja, nikasema injini haijakomaa. Wameniita bahili. Mchungaji alitabasamu tu.

Jumatatu, 10 Machi

Dada ya mke wangu amevunjika mguu, Magwagwa. Ameteleza akitoka kisimani. Mke wangu amekwenda kumtunza mpaka Ijumaa. Nimempeleka mwenyewe. Aliposhuka aliinama dirishani akasema, "Ukiona chochote kwa Kerubo, usingoje. Ita mama Moraa." Mama Moraa ni jirani yetu wa chini. Nikasema sawa.

Tarehe 28 bado iko mbali. Siku kumi na nane. Mita 560.

Jumanne, 11 Machi

655. Nimeendesha kwenye mvua.

Jioni nilimwona Kerubo akianua mahindi, mkono mmoja kiunoni. Aliponiona akautoa mkono haraka, akasimama wima. Tukasalimiana kwa mbali, macho chini, kama inavyopasa. Nilitaka kumwambia aache, nianue mimi. Sikuweza hata hilo. Nimemtuma mama Moraa amsaidie. Mwanamke mzima yuko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu na sijui kama amelala vizuri.

Nimerudi kwenye gari nikapima oili. Iko pale pale. Nilijua iko pale pale.

Alhamisi, 13 Machi

Niko hospitali, Kisii. Saa kumi alasiri. Nimekaa kwenye benchi. Daftari lilikuwa kwenye gari. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi nilikuwa nimefungua boneti. Mita 764. Kerubo alitoka nyumbani kwake amejitanda leso mbili na amebeba begi. Akasimama mbali kidogo, akaniita baba kwa lugha yetu, akasema, "Tata, nifikishe Kisii. Ni ile kliniki." Basi. Mama Moraa alikuwa kwenye kituo cha chai anapima majani. Nikasema ingia.

Kliniki haibebewi begi. Niliona begi. Nitarudia ili nisije nikajidanganya baadaye: niliona begi, nikajua, sikuuliza. Nilifunga mdomo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Naye alisema kliniki kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Unamwambiaje baba mkwe kwamba una uchungu?

Nikaondoka. Thelathini.

Sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa namlinda. Niliona lori lile mlimani, nikamwona Kerubo amekwama nami porini kwa sababu nilikanyaga mafuta kwa pupa. Nikajisemea polepole ndiyo itatufikisha. Milima yote nilipanda kwa thelathini kwenye gia ya nne, injini inaguna. Nilidhani naibembeleza.

Nyuma kimya. Kioo kilikuwa kinatazama dari. Sikusikia hata pumzi. Niliwahi kukohoa ili aseme kitu kama anacho. Hakusema. Nikafurahi! Nikadhani kimya ni heri.

Kabla ya kuingia Nyamira kuna matuta. Nikapunguza mwendo. Mama mmoja muuza ndizi akaja dirishani, akainua kichane akionyesha kule nyuma. Kichane kikamwanguka. Akapiga ukelele ambao bado nausikia. "Mzee! Huyu mtu anakufa! Unabeba nini wewe?"

Nikageuka. Ndipo nilipomtazama mkamwana wangu kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Ameuma ncha ya leso. Jasho. Kiti chote damu.

Mama yule hakuuliza ruhusa. Alifungua mlango akaingia nyuma, ndizi zake zimebaki barabarani, akamlaza Kerubo mapajani. Nikasikia nafsi yangu inasema, injini haijafika elfu. Ndiyo, kwa sauti, mdomoni mwangu. Yule mama akasema, "Injini itazaa? Endesha!"

Nikakanyaga. Mia. Mia na kumi. Penye mteremko mia na ishirini. Nilipita malori kwenye kona nisizothubutu kuzipita hata nikiwa kijana. Taa zimewashwa, honi haijaachwa. Gari halikuguna, halikutetemeka. Lilikwenda tu. Lingekwenda hivyo tangu Ikonge.

Walimpokea kwa machela. Sasa kuna fomu. Mumewe hayuko nchini, mke wangu yuko Magwagwa anatafuta usafiri, mimi ndiye niliyepo. Muuguzi alinisomea. Mfuko wa uzazi umechanika pale ulipokuwa mshono wa mwaka juzi. Huenda wakautoa. Mimi, baba mkwe, naulizwa kuhusu mfuko wa uzazi wa mke wa mwanangu, na watu wamepanga foleni nyuma yangu. Nilitazama sakafu. Nikatia sahihi. Kalamu iliandika vibaya ikabidi nirudie.

Mama muuza ndizi amekaa nami hadi sasa. Sijui jina lake. Ana damu mpaka viwikoni. Nimemwambia pole kwa ndizi zako. Ameniangalia tu.

Mungu wangu, usimchukue. Nakuomba. Chukua chochote kingine.

Ijumaa, 14 Machi

Kerubo yu hai. Mtoto yu hai. Msichana. Yuko chumba cha watoto wachanga, mipira puani.

Mfuko wa uzazi wameutoa.

Daktari ni binti mdogo, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alizungumza nami taratibu, kwa adabu. Aliuliza tumetoka wapi na saa ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kichwani, nilimwona akihesabu. Akasema, "Mngetangulia nusu saa, mzee, pengine tungeuokoa." Hakujua alichonipa. Aliendelea na kazi yake.

Kutoka nyumbani hadi Nyamira nilitumia dakika hamsini na tano. Watu huenda kwa dakika thelathini. Nimepiga hesabu hiyo usoni mwa kila mtu anayepita hapa wadini. Jibu halibadiliki.

Mke wangu amefika. Ameingia kwa Kerubo, ametoka, amekaa kando yangu. Hajaniuliza kitu. Nimeshindwa kumwambia.

Jumapili, 16 Machi

Mtoto bado. Anapumua kwa msaada. Siku ya tatu. Kila muuguzi akitoka mlango ule nasimama.

Nilitoka kwenda kuosha kiti. Maji ya ndoo tatu. Salim alinikuta dukani kwake nikifanya hivyo, akanipokonya brashi akamaliza mwenyewe. Kisha akafungua boneti bila kuambiwa. Alisikiliza. Alipima oili, akaipaka kidoleni, akainusa. Alilitoa mpaka barabarani akarudi.

"Iko sawa kabisa, mzee. Hii gari haina neno."

Nilitaka iwe imekufa. Naapa. Nilitaka aniambie pistoni zimeshikana, nipate angalau kuwa na haki. Nikamwambia nimeikimbiza mia na ishirini kabla ya elfu. Akatoa kitabu cha gari kwenye droo ile ya mbele, akafungua ukurasa, akanisomea pole pole. Usikanyage mafuta ghafla. Usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Usipande mlima kwa gia kubwa injini ikiguna. Mwendo wa thelathini haumo. Thelathini niliitoa kichwani, kwenye lori la zamani, na nikaiongezea kilema cha gia ya nne. Hata huko kubembeleza kwenyewe sikujua kubembeleza.

Kitabu hicho ninacho tangu siku ya kwanza. Nilikifungua nikatazama picha.

Salim aliona uso wangu. Akafunga kitabu, akaenda kuleta chai, tukanywa.

Jumatatu, 17 Machi

Onchiri amepiga simu. Amenishukuru.

Nimelazimika kukaa chini. Anasema Kerubo amemweleza yote: uchungu ulikuja ghafla wakiwa njiani, Nyamira barabara ilifungwa na lori lililoanguka, na kama si baba kuendesha kama kichaa wote wawili wangekufa. "Tata, buya mono," akasema, yaani asante sana, baba. Anataka kuniletea saa.

Hapakuwa na lori lililoanguka. Kerubo, na mshono wake tumboni, amelala pale akitunga uongo wa kunifunika. Heshima yake kwangu ndiyo iliyomfunga mdomo garini, na bado anaendelea kunilipia.

Nilisema kwenye simu, "Sawa, mwanangu." Mimi mwoga. Naiandika hapa kwa herufi kubwa: MWOGA.

Jumanne, 18 Machi

Mtoto ametolewa mpira mmoja. Mmoja bado.

Mke wangu ameambiwa na Kerubo vivyo hivyo, habari ya lori. Ameniuliza ni lori la nani. Nimesema sikuliona vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Onchiri asubuhi, kabla ya zamu yake. Nilisimama nje kwenye maegesho, kando ya gari, ili nisipate pa kukalia.

Nilimwambia. Hapakuwa na lori. Nilijua ana uchungu. Niliendesha thelathini hadi Nyamira kwa ajili ya injini. Daktari amesema nusu saa. Nilimwambia na habari ya kitabu. Sikuacha kitu. Sikusema nilikuwa namlinda, ingawa ni kweli, kwa sababu sasa inasikika kama utetezi.

Aliuliza kama mtoto anapumua. Nikasema anapumua. Akauliza kama Kerubo anakula. Nikasema anakula uji. Akakata.

Nikamwambia na mke wangu. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha. Akasema, "Ulikuwa unaogopa." Hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Amekwenda wadini na hajarudi kukaa nami kwenye benchi.

Ijumaa, 21 Machi

Mpira wa pili umetolewa. Analia kwa sauti. Muuguzi amemleta mlangoni mke wangu amshike. Nilimwona kwa nyuma ya bega lake. Ana nywele nyingi.

Onchiri anawapigia wao. Mimi hanipigii.

Mtoto huyu ndiye pekee watakayempata. Nalisema hili neno tangu juzi na halipungui makali. Ndugu yangu amekwisha kuuliza, huko nyumbani, kama Onchiri atafikiria kuoa mwingine. Mtoto hajamaliza siku kumi duniani! Nilimwambia akirudia neno hilo uani kwangu atatoka bila viatu. Ni mara ya kwanza nimekosana naye tangu utotoni. Sikujuta.

Jumapili, 23 Machi

Wameruhusiwa. Tumewarudisha nyumbani mchana. Niliendesha kama wanavyoendesha watu. Mke wangu alikaa nao nyuma.

Alasiri mke wangu alishuka kwa mama Moraa kuchukua maziwa. Nilikuwa uani. Kerubo akatoka na mtoto kifuani, akaketi kwenye kigoda mlangoni pake. Mimi nikabaki nilipo, hatua zile ishirini. Nilikuwa nimejipanga tangu hospitali, ila yote yalinitoka. Nilisema tu kwamba nilijua, na kwamba Onchiri nimeshamwambia, asinifunike tena.

Hakuinamisha macho. Alisema uchungu ulianza alfajiri. Alitoka mara mbili. Mara ya kwanza akaniona nimefungua boneti, akarudi ndani. Mara ya pili akaniona bado, akaona haya tena, akarudi. Alikaa kitandani akihesabu mpaka uchungu ukawa hauvumiliki. "Ile nusu saa si yako peke yako, tata," akasema.

Nilitaka kumwambia asibebe hata dakika moja ya ile. Nikasema hivyo, vibaya vibaya, maneno yakipandana.

Alimfunika mtoto vizuri. Kisha akasema Jumatano kuna chanjo Nyamira, mama atakuwa Magwagwa, na hataki kukaa nyuma. Atakaa mbele, kando yangu, ili akitaka kusema aseme.

Hilo halijawahi kufanyika kwetu. Nilifikiria watakavyosema Ikonge. Nikaitikia. Sauti haikutoka vizuri ikabidi nirudie.

Manyunyu yakaanza, akaingia ndani na mtoto. Nikaenda kuanua nguo zao kwenye kamba.